Intaneti Ipitayo Katika Waya za Umeme Mpaka Chuo cha Uani

Katika majumba yetu mengi ya pwani chuo cha Qur'ani hakimo ndani ya nyumba kubwa. Kimo uani, katika banda la mabati au chumba cha mawe, ili sauti za watoto zisimsumbue mgonjwa wala mgeni. Zamani hapakuhitajiwa humo illa mkeka, ubao na juzuu. Siku hizi mwanafunzi wa hifdhi husikilizishwa tilawa ya wasomaji walio mbali, na wako wanaomsomea mwalimu aliye mji mwingine kwa njia ya intaneti. Basi rauta i ukumbini, kuta za mawe na chokaa ni nene, mabati nayo huyarudisha mawimbi, na uani hakufiki kitu. Hapo mwenye nyumba hununua adapta mbili za kuchomekwa ukutani, moja ukumbini na moja chuoni, zichukuliane intaneti katika waya zile zile za umeme. Siku ya kwanza hufurahi. Siku ya tatu sauti yakatika.

Wako wadhanio kuwa haya ni mambo ya anasa. Sisi hatuoni hivyo. Sauti ikikatika katikati ya aya, mtoto hudhani kuwa hapo ndipo pa kusimama, akashika kisimamo mahali pasipo kisimamo. Na kosa alilolishika akiwa na miaka 7 hutoka kwa taabu kubwa afikapo 17. Kwa hivyo yatupasa tujue chombo hiki hufanyaje kazi, na huharibikiwa wapi.

Umeme wa majumbani kwetu hwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Adapta huupandishia juu yake mawimbi madogo yaendayo mbio zaidi mno: katika aina iitwayo HomePlug AV, iliyotoka mwaka 2005, ni kati ya mara milioni 2 na milioni 30 kwa sekunde. Aina ya AV2, iliyofuata mwaka 2012, hupanda juu zaidi ya hapo, na baadhi yake hutumia pia waya wa ardhi. Nyumba ya zamani isiyo na waya huo haitapata faida hiyo. Iko na jamaa nyingine iitwayo G.hn, nayo na HomePlug hazifahamiani hata kidogo, kwa hivyo asinunue mtu moja ya huku na moja ya kule. Ama ile namba kubwa iandikwayo juu ya boksi, 600 au 1000, msiitegemee. Hiyo ni hesabu ya waya iliyo safi kabisa, na waya za nyumba zetu si hizo. Apataye sehemu ndogo tu ya namba ile asidhani kuwa ameibiwa.

Sasa twende kwenye dawa. Wanafunzi wa fiqhi wajua kwamba mwenye yakini ya udhu wake haiachi yakini kwa shaka tu. Na hapa vilevile tuanze penye yakini, twende hatua kwa hatua, tusirukie kulaumu adapta. Kwanza unganisha kompyuta na rauta yenyewe kwa waya. Kama intaneti ni mbovu hapo hapo, basi ugonjwa unatoka nje ya nyumba, na uani hakuna hatia. Ikiwa ni nzuri, lete adapta zote mbili ukumbini, zichomeke katika soketi mbili za ukuta zilizo karibu, uziunganishe. Adapta nyingi zina kitufe cha kuzioanisha: hubonyezwa cha moja, kisha ndani ya dakika 2 hubonyezwa cha pili. Zikifahamiana hapo, vyombo ni vizima. Zisipofahamiana, zirudishwe katika hali ya kiwandani kama kijitabu chake kielezavyo, kisha zijaribiwe tena. Baada ya hapo ile ya pili ipelekwe jikoni, kisha barazani, kisha uani, soketi baada ya soketi. Pale taa yake ibadilikapo rangi au izimikapo, ndipo penye neno.

Na aghalabu neno lenyewe ni moja. Adapta imechomekwa katika ekstensheni yenye matundu mengi, au nyuma ya kile kifaa cha kulinda friji na televisheni. Vifaa hivi, baadhi yake, vimetengenezwa makusudi kuzuia kila kitu kisichokuwa umeme safi, na kwa macho yao yale mawimbi madogo ya intaneti ni uchafu. Adapta na ichomekwe katika soketi ya ukuta yenyewe. Kadhalika mawimbi hayapiti katika betri ya akiba ya kompyuta. Na banda linalopata umeme wake peke yake kwa jua, pasipo waya uliolifunga na nyumba kubwa, halitapata kitu hata mngebadilisha adapta kumi.

Yako na makelele ya umeme. Chaja za simu za bei rahisi, taa za LED zisizo na utengenezaji mzuri, mota ya pampu ya kisima na ya friji, vyote hivi humwaga fujo ndani ya waya. Ikiwa intaneti ya chuoni ni njema alasiri, na huanguka kila baada ya Maghribi watoto wakisha kukaa kitako, angalieni taa zilizowashwa saa ile kabla ya kuangalia jingine. Zimeni kila kitu, kisha washeni kimoja kimoja. Taa moja ya barazani yatosha kuharibu darasa zima.

Likizidi hilo, njia yenyewe huenda ni mbovu. Banda lililopangishwa mara nyingi lina mita yake mbali, na mawimbi yapasa yatoke kwa mita moja yaingie kwa nyingine, yakadhoofika au yakafa njiani. Nyumba yenye umeme wa laini tatu huenda ukumbi u katika laini moja na uani u katika nyingine. Mambo haya hutazamwa na fundi umeme mwenye ruhusa ya kazi yake. Na hapa twasema kwa mkazo. Mabanda mengi ya uani yamepata umeme kwa waya mwembamba uliopitishwa juu ya kamba ya nguo, maungio yamesokotwa na kufungwa utepe. Soketi ikipata moto, ikiwa nyeusi, au ikitoa harufu, chomoeni adapta, zimeni umeme wa banda, wala mtoto asikae humo mpaka fundi amekwisha. Na banda lililovutiwa umeme kabla ya mita lina jambo la kurekebishwa kabla ya intaneti. Mwenye nyumba ajua mwenyewe kwamba mali ile hailipiwi.

Iko hali nyingine ambayo taa zote ni njema na bado simu haipati kitu. Simu huwa imeng'ang'ania waifai dhaifu ya nyumba kubwa, ikaiacha yenye nguvu iliyo ukutani. Iambieni simu iisahau ile ya mbali, mjaribu tena. Au kilichowekwa uani ni rauta ya pili, nayo yagawa anwani zake pamoja na ile ya ukumbini, wakawa maimamu wawili mbele ya safu moja. Kazi ya kugawa anwani na aachiwe mmoja, wa pili azimiwe.

Hatuwezi kuacha haki ya jirani. Adapta nyingi za HomePlug AV hutoka kiwandani na neno la siri moja kwa zote, na mawimbi hayasimami mpakani mwa kiwanja; majirani wenye waya mmoja huweza kukutana humo pasipo kujuana. Kukibonyeza kile kitufe cha kuoanisha huzipa adapta zenu siri yao wenyewe. Fanyeni hivyo hata kama zimefanya kazi bila ya kubonyezwa.

Na ikiwa yote yamejaribiwa pasipo mafanikio, kuna waya wa mtandao wa kawaida. Hufika mita 100, na nyua chache zashinda urefu huo. Utafutwe uliotengenezwa kwa ajili ya nje, upitishwe ndani ya bomba chini ya ardhi, mbali na waya wa umeme. Mahali penye radi nyingi waya wa kioo wafaa zaidi, kwani haupitishi umeme. Wakati kazi hiyo ikingojwa, tilawa ya juma zima na ipakuliwe katika simu usiku, laini inapokuwa tulivu, ili mtoto asikie aya mpaka mwisho wake.