Safari ya Ndege Baina ya Honolulu na Guam

Katika ramani ya dunia iliyotundikwa darasani mwetu, visiwa vya Hawaii viko upande wa kushoto kabisa, na kisiwa cha Guam kiko mbali upande wa kulia. Atazamaye kwa haraka atadhani kuwa ndege itokayo Honolulu, mji mkuu wa Hawaii, hupita juu ya Amerika, Afrika na Asia ndipo ifike Guam. Sivyo. Dunia ni mviringo, na kingo mbili za ramani hiyo hukutana katika Bahari ya Pasifiki.

Honolulu ipo longitudo ya nyuzi 158 Magharibi, na Guam nyuzi 145 Mashariki. Kwa njia ya Afrika twapata nyuzi 303. Tukizitoa katika 360, twabakiwa na 57 tu. Huko ndiko aendako rubani.

Lakini visiwa hivi haviko katika latitudo moja, na njia fupi ni upinde wa duara kubwa, ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Pembe ya upinde huo ni nyuzi 55 hivi. Kila nyuzi moja ni maili 60 za baharini, basi 55 × 60 ni maili 3,300, yaani kama kilometa 6,100.

Je, muda? Tuseme ndege ya jeti yaenda maili 480 za baharini kwa saa. Pasipo upepo, itatumia saa 6 na dakika 52. Lakini huko juu mara nyingi upepo hutoka magharibi. Ukiwa wa maili 40 kwa saa, kwenda Guam kutachukua saa 7 na nusu, na kurudi saa 6 na dakika 20 hivi. Umbali ni ule ule, muda si ule ule.

Hesabu hii si ya mtihani tu. Njiani ni maji matupu na visiwa vichache vidogo, na mafuta hayana budi kutosha hata upepo ukizidi. Mwaka 1935 ndege za maji za Pan American zilipoanza kuvuka bahari hiyo, zilitua Midway na Wake kabla ya kufika Guam.

La ajabu zaidi ni kalenda, kwa kuwa saa za Guam zimetangulia za Honolulu kwa saa 20. Aondokaye Honolulu Jumatatu saa moja asubuhi, akisafiri saa 7 na nusu, hufika Jumanne saa nne na nusu asubuhi. Naye aondokaye Guam Jumanne saa moja asubuhi hufika Honolulu Jumatatu jioni!

Wenzangu, chukueni sasa Zanzibar na Mahé ya Shelisheli, mpige hesabu wenyewe.