PRESHA: MSHUA ANA NGAPI? NA WEWE JE?



Leo tuongelee presha, maana mtaani tunaiona ugonjwa wa wazee na wenye vitambi. Mwambie mtu akapime, atakujibu "mimi mzima bwana, hata kichwa hakiniumi". Hapo ndipo tunapoliwa. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili. Unapiga mpira, unakula ugali wako, kumbe kimya kimya inachakaza mishipa ya damu, moyo, figo na macho. Siku mtu anaanguka na kiharusi, majirani wanasema karogwa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema watu wa miaka 30 hadi 79 wenye presha ya kupanda ni kama bilioni 1.28 duniani, na asilimia 46 kati yao hawajui kama wanayo. Karibu nusu, jamani!

Zile namba mbili maana yake nini? Chukua 120/80. Ya juu ni msukumo wa damu moyo unapopiga, ya chini ni pale moyo unapopumzika. Hospitali, ikifika 140/90 au zaidi na ikajirudia siku nyingine, hiyo ni presha. Nyumbani mpaka ni 135/85, kwa vile mtu katulia. Wengine wakiona tu koti jeupe la daktari, inapanda!

Mashine za kupimia nyumbani zipo, na moja inatosha familia nzima mkichangishana. Chukua ya mkanda wa juu ya kiwiko, ni bora kuliko ya kifundo cha mkono. Halafu:

- Nusu saa kabla usivute sigara, usinywe kahawa, usifanye mazoezi. Nenda kakojoe kwanza.
- Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, usikunje nne.
- Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati.
- Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Andika kwenye daftari.

Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku 7, umpelekee daktari. Kipimo kimoja kisikutie kiwewe. Ila ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kuhema kwa shida au upande mmoja kulegea, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Najua wengi hawapimi kwa kuogopa kuambiwa wameze dawa maisha. Lakini kutojua hakushushi presha. Na wenye dawa, namba zikiwa nzuri ni dawa inafanya kazi, hujapona. Usiache mwenyewe bila daktari.

Haya, nyumbani kwenu nani kapima mwaka huu? Tiririkeni hapo chini.