L. Patrick Gray: Mwanasheria Aliyechoma Ushahidi

Tarehe 3 Mei 1972, siku moja baada ya kifo cha J. Edgar Hoover, Rais Richard Nixon wa Marekani alimteua L. Patrick Gray kukaimu ukurugenzi wa FBI. Hoover alikuwa amelishika shirika hilo la upelelezi tangu mwaka 1924, na makachero wengi waliokuwa kazini hawakuwahi kumtumikia mkuu mwingine. Gray hakutoka ndani ya shirika. Alikuwa mwanasheria wa serikali mwenye umri wa miaka 55, na kabla ya kutimiza mwaka mmoja kitini alikuwa ameshajiuzulu kwa fedheha.

Kisa chake husimuliwa kama cha mtu hafifu aliyepewa kiti kilichomzidi kimo. Maelezo hayo hayaniridhishi. Gray alihitimu chuo cha jeshi la majini la Marekani mwaka 1940, akahudumu kwenye nyambizi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia na tena katika vita vya Korea. Akiwa bado jeshini alisomea sheria Chuo Kikuu cha George Washington, akahitimu mwaka 1949. Mwaka 1960 aliacha jeshi ili amsaidie Nixon katika kampeni yake ya kwanza ya urais. Nixon aliposhindwa, Gray alifanya uwakili huko New London, Connecticut, hadi mkubwa wake aliposhika Ikulu na kumwita tena Washington. Hakuna cha uhafifu hapo. Kinachoonekana ni utii wa miaka mingi kwa mtu mmoja.

Nadhani hapo ndipo penye mzizi wa anguko lake. Afisa wa jeshi hufunzwa kutii amri, na wakili hufunzwa kusimama na mteja wake. Kwa Gray mafunzo hayo mawili yalikutana: aliyempa amri ndiye aliyemwona kuwa mteja wake. Mkuu wa upelelezi hapaswi kuwa na mteja.

Mwanzo wake haukuwa mbaya, na haki itendeke kulisema hilo. Alilegeza masharti ya mavazi aliyoyaacha Hoover, akatembelea ofisi za mikoani, na Julai 1972 shirika likapokea makachero wanawake wawili, wa kwanza tangu miaka ya 1920. Wakongwe walinung'unika kwamba safari zake zinamweka mbali na meza yake. Kazi za kila siku alimwachia msaidizi wake, Mark Felt.

Tarehe 17 Juni 1972 wanaume watano walikamatwa usiku ndani ya ofisi za Chama cha Democratic katika jengo la Watergate. Siku sita baadaye, kama kanda za Ikulu zilivyokuja kuonyesha, Nixon alikubali mpango wa msaidizi wake H. R. Haldeman: CIA, shirika la ujasusi, imwambie Gray asifuatilie fedha za wavamizi hao zilizopitia Mexico. Siku hiyohiyo Vernon Walters, naibu mkuu wa CIA, alimfikishia Gray ujumbe huo, na mahojiano ya watu muhimu yakasimamishwa. Tarehe 28 Juni Gray aliitwa Ikulu. Mbele ya John Ehrlichman, msaidizi mwingine wa Nixon, wakili wa rais John Dean alimkabidhi nyaraka zilizotoka kwenye sefu ya Howard Hunt, mmoja wa waliopanga uvamizi ule. Aliambiwa kwamba nyaraka hizo kamwe zisionekane hadharani. Alizichukua.

Kisha tarehe 6 Julai, baada ya kuona kwamba CIA haina sababu ya kweli ya kuzuia uchunguzi, Gray alizungumza na Nixon kwa simu akamwonya kwamba watu wake wa karibu wanataka kumwangamiza kwa kuyatumia mashirika hayo mawili. Nixon alimjibu aendelee na uchunguzi wake. Watetezi wa Gray huitaja simu hiyo kama ushahidi wa ujasiri wake, na kweli ilihitaji moyo. Lakini wakati wa simu hiyo, nyaraka za Hunt alikuwa nazo tayari. Aliwaonya wengine kuhusu njama ambayo kipande chake kimoja alikishika mwenyewe. Na jibu la rais lilipokuja jepesi hivyo, hakuuliza tena.

Septemba Hunt alishtakiwa. Kesi ilipangwa kuanza Januari 1973. Katikati ya miezi hiyo, Desemba, Gray alizichoma nyaraka zile nyumbani kwake Connecticut pamoja na takataka za Krismasi. Mwanasheria mwenye zaidi ya miaka 20 katika fani hahitaji kufundishwa kwamba karatasi za mshtakiwa hupelekwa kwa wapelelezi na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kesi. Hata kama aliamini hazihusiani na Watergate, kama alivyojitetea baadaye, si yeye peke yake aliyepaswa kuamua hilo, tena kwa moto.

Tusisahau pia kwamba alikuwa kaimu. Kwa miezi tisa aliongoza uchunguzi uliowagusa watu wa rais huku akingoja rais huyohuyo amthibitishe. Hata mtu mwenye msimamo mkali kuliko Gray angelemewa na mpango wa namna hiyo, na lawama ya mpango huo ni ya Nixon.

Jina lake lilipelekwa Seneti Februari 1973. Sheria ya mwaka 1968 ilikuwa imetaka mkurugenzi wa baada ya Hoover athibitishwe na maseneta, hivyo Gray akawa wa kwanza kupita kwenye tundu hilo la sindano. Hapo alisema ukweli kuliko Ikulu ilivyotaka: alikiri kwamba alimpa Dean mafaili ya uchunguzi, na kwamba huenda Dean aliwadanganya makachero. Ehrlichman akashauri aachwe aning'inie. Tarehe 5 Aprili jina liliondolewa, na tarehe 27, habari za nyaraka zilipofichuka, alijiuzulu.

Mwaka 1978 alishtakiwa pamoja na Felt kwa kuidhinisha upekuzi haramu wa nyumba. Mashtaka yake yalifutwa mwaka 1980. Mei 2005 Felt alijitangaza kuwa ndiye aliyekuwa akiwapa waandishi habari za Watergate kwa siri. Gray, ambaye Ikulu ilimwonya mapema kwamba Felt anavujisha habari lakini akamtetea msaidizi wake huyo, alifariki Julai mwaka huo akiwa na miaka 88.

Kiti chenyewe nacho kilibadilishwa: mwaka 1976 Bunge la Marekani liliweka kikomo cha miaka 10 kwa mkurugenzi wa FBI. Sheria hiyo haimzuii rais kumfukuza kabla ya muda: Bill Clinton alimwondoa William Sessions mwaka 1993, na Donald Trump akamwondoa James Comey mwaka 2017. Wakurugenzi hao wawili nao walikuwa wanasheria.