Punda Dume Mfupi, Jike Mrefu: Namna ya Kupandisha Bila Kuumiza Mnyama

Soko la Burma, jirani na Shauri Moyo, linajulikana Nairobi nzima kwa nyama. Mnunuzi mwangalifu huko hutafuta kwanza muhuri wa mkaguzi kabla ya kutoa pesa, na mojawapo ya sababu ni hofu ya kuuziwa nyama ya punda aliyeibwa na kuchinjwa kichakani. Kwa mwenye mkokoteni anayebeba maji, mkaa au mchanga katika mitaa ya Eastlands, punda huyo huyo ni karo ya shule na kodi ya nyumba. Akipotea, riziki ya nyumba imekwenda naye.

Idadi ya punda nchini imeshuka sana. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu takriban milioni 1.8. Ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa humu nchini, na ngozi zikawa zinasafirishwa hadi China kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Wizi ukaongezeka na bei ya punda ikapanda. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo Mei 2021, kisha Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote.

Kwa sababu hiyo, wafugaji wengine wameamua kuzalisha punda wao wenyewe badala ya kununua. Hapo ndipo tatizo la kimo hutokea. Mara nyingi dume anayepatikana mtaani ni mfupi kuliko jike. Akilazimishwa kupanda kwenye uwanja tambarare au wenye utelezi, huteleza, huanguka kinyumenyume, au hupigwa teke. Jike naye huumizwa mgongo na shingo kwa majaribio yasiyofika.

Je, dume mfupi anafaa?

Wapo wanaohofia kwamba wazazi wenye vimo tofauti watamletea jike shida wakati wa kuzaa. Dume akiwa ndiye mfupi, hofu hiyo haina msingi. Mwaka 1938, watafiti Arthur Walton na John Hammond wa Cambridge, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio lao la kuzalisha farasi wakubwa wa aina ya Shire na farasi wadogo wa aina ya Shetland. Kwa kuwa vimo vilipishana mno, walitumia uhimilishaji. Watoto waliozaliwa na mama wakubwa walikuwa wazito kwa mbali kuliko waliozaliwa na mama wadogo, ingawa damu ilikuwa ya mchanganyiko ule ule. Tumbo la mama ndilo lililoamua ukubwa wa mtoto wakati wa kuzaliwa.

Kwa hiyo hatari kubwa iko kwenye dakika chache za kupanda, na hizo zinaweza kuandaliwa.

Kabla ya hapo, mfugaji ajiulize kwa nini dume wake ni mfupi. Kama bado hajatimiza miaka 3, asubiri akue. Kama alidumaa kwa minyoo, njaa au kufungwa mkokoteni akiwa mchanga, ufupi huo hatawarithisha watoto. Kama ni mfupi kwa ukoo, watoto wake huenda wakawa na kimo cha katikati. Dume asipandishwe kwa dada yake wala binti yake, hata kama ndiye pekee aliye karibu.

Siku inayofaa

Jike ambaye hayuko kwenye joto hurusha mateke, na dume mfupi ndiye huumia zaidi. Punda jike huingia kwenye joto kila baada ya wiki tatu na nusu hivi, na joto hudumu kwa takriban siku 6 hadi 7. Dalili zake ni wazi: hufungua na kufunga mdomo kama anayetafuna hewa, mate yakimtoka. Hulaza masikio nyuma, huinua mkia, hukojoa kidogo kidogo na kutanua miguu ya nyuma dume anapokaribia. Apandishwe kila baada ya siku moja hadi atakapoanza kumkataa dume. Naye asianze kuzalishwa kabla ya kufikisha miaka 3.

Ardhi ifanye kazi

Njia salama ni kumpa dume kimo kwa kutumia ardhi, bila kumbeba wala kumsukuma.

Kwenye mteremko: Jike asimamishwe akielekeza kichwa upande wa chini, na dume aje kutoka upande wa juu. Mteremko mdogo unatosha. Ukiwa mkali, jike atasukumwa mbele na wote wawili wataanguka.

Kwenye uwanja tambarare: Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchimba shimo pana lisilo na kina kirefu, ambamo jike ataweka miguu yake ya nyuma. Kingo zake ziwe na mwinamo ili asijikwae anapotoka. Ya pili ni kumjengea dume tuta la udongo ulioshindiliwa, lenye upana wa kutosha miguu yake yote minne, kisha litandazwe magunia yasiyoteleza. Mbao, mawe yaliyopangwa na kreti za soda zisitumike, kwa kuwa hubingirika au kuvunjika. Wazalishaji wa baghala, yaani nyumbu wa kazi anayezaliwa na punda dume na farasi jike, wametumia mbinu hii ya shimo na tuta kwa miaka mingi, kwa sababu farasi jike mara nyingi humzidi punda kimo.

Saruji yenye maji na kinyesi kibichi ni hatari. Mahali pawe pakavu na wazi, mbali na barabara, watoto na mbwa.

Wakati wa kupanda

Watu wawili wazoefu wanatosha, mmoja kwa kila mnyama. Wote wasimame upande mmoja, wa kushoto, wakiwa wamevaa viatu vilivyofunika vidole. Kamba ifungwe kichwani kwa fundo linalofunguka haraka, na isizungushwe mkononi. Jike asifungwe miguu: akipoteza usawa hataweza kujiokoa, na dume ataanguka naye.

Mkia wa jike uzungushiwe kitambaa safi ili nywele zisimkate dume, na kitambaa kiondolewe mara tu baada ya kazi. Shingo yake ifunikwe kwa gunia zito, kwa kuwa punda dume huuma anapopanda.

Punda dume huchukua muda. Anaweza kupanda na kushuka mara kadhaa kabla hajawa tayari, na wakati mwingine hukaa nusu saa akinusa tu. Huo ndio mwenendo wake. Kumpiga humfanya ama akatae kabisa au awe mkali. Akishindwa kufika mara mbili tatu kwa sababu ya kimo, atolewe apumzike, tuta liongezwe kidogo, kisha ajaribu tena.

Baada ya kupanda

Jike akitoka damu, akijikamua kama anayetaka kunya, au akionyesha maumivu ya tumbo, daktari wa mifugo aitwe saa hiyo hiyo. Dume mfupi anaweza kukosea njia na kumjeruhi jike kwa ndani, na jeraha hilo huua lisipotibiwa mapema. Dume akivimba au akishindwa kurudisha uume ndani, hilo pia ni la dharura.

Mimba ya punda huchukua takriban miezi 12, na wengine huzidisha hadi 14. Kwa kawaida huzaliwa mtoto mmoja tu. Ndiyo maana jike mmoja akivunjika mguu kwa haraka ya dakika tano, mwaka mzima umepotea. Katika miezi 3 ya mwisho jike asivute mkokoteni, na apewe muda wa kunyonyesha kabla ya kurudishwa kazini.

Pa kupata msaada

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ufugaji, udhibiti wa magonjwa ya mifugo na ustawi wa wanyama ni miongoni mwa majukumu ya kaunti. Mkazi anaweza kufika katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yake na kuomba ushauri kabla ya siku ya kupandisha. Kumtumikisha au kumtesa mnyama kupita kiasi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Wizi wa punda uripotiwe polisi mara moja, na nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi isinunuliwe, iwe ni Burma au kwenye bucha lolote mtaani.