Msimu kwa Ratiba: Utangulizi wa Uchumi wa Mashamba ya Gemu

Huenda umefika hapa kwa sababu nyumbani mna kijana anayeamka usiku kuchungulia kama mbegu za sikukuu zimeingia dukani, na duka lenyewe liko ndani ya simu. Huenda kijana huyo ni wewe. Vyovyote iwavyo, huhitaji kuwa umesomea uchumi wala kuwa bingwa wa gemu ili unifuate. Nitaeleza kila neno geni linapojitokeza, na tutaanza na jambo jepesi kabisa.

Gemu ya kilimo ni mchezo wa simu, kompyuta au pleisteshen ambamo mchezaji hupewa kipande cha ardhi, akanunua mbegu, akapanda, akamwagilia, akavuna na kuuza. Pesa anazopata humo tutaziita sarafu ya gemu: hununua vitu vya ndani ya mchezo, na mwenye duka la mtaani Jericho, Nairobi, hazijui. Zao la msimu ni zao ambalo gemu huruhusu lipatikane kwa kipindi maalumu tu, kiwe ni majira ya mwaka, sikukuu au wikendi moja. Kipindi kikipita, mbegu zake huondolewa dukani.

Najua swali linalokuja: je, haya ni masomo au ni michezo ya watoto? Wataalamu wenyewe walilijibu zamani. Mwaka 2001, mwanauchumi Edward Castronova aliandika makala kuhusu soko la Norrath, nchi ya kubuni iliyo ndani ya gemu ya EverQuest, akalichambua kama mtu anavyochambua soko la nchi halisi. Mwaka 2007, kampuni ya CCP ya Iceland, watengenezaji wa EVE Online, ilimwajiri mwanauchumi Eyjólfur Guðmundsson ausome uchumi wa gemu yao. Mwaka 2012, kampuni ya gemu ya Valve ikamchukua Yanis Varoufakis kwa kazi kama hiyo. Miaka mitatu baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Ugiriki. Ukiingia uwanja huu, basi, huingii peke yako.

Nina sababu ya kumwandikia msomaji wa Jericho hasa. Mtaa huu wa nyumba za zamani za baraza la jiji, kando ya Jogoo Road, hauna mashamba. Shamba liko ushago, na wengi huliona Desemba. Hata hivyo mkazi wa hapa anaishi na misimu mwaka mzima kupitia sokoni. Anajua kwamba maembe ya Ukambani yakifurika mwanzoni mwa mwaka, yatalundikwa kwenye mikokoteni na bei itashuka. Anajua pia kwamba akiulizia embe hilohilo katikati ya mwaka atalipata kwa shida na kwa bei nyingine. Elimu hiyo ndiyo mtaji wako. Tutaipeleka ndani ya gemu na kuona inafaa wapi, na inakupotosha wapi.

Kalenda

Msingi wa kwanza ni kalenda. Tuchukue Stardew Valley, gemu iliyotengenezwa na Mmarekani mmoja, Eric Barone, na kutolewa Februari 2016. Mwaka wake una majira manne, kila majira siku 28. Majira yakigeuka, mazao mengi ya majira yaliyopita hufa usiku huohuo. Katika majira ya machipuko, tarehe 13, kijiji hufanya Tamasha la Mayai, na hapo kibandani huuzwa mbegu za stroberi kwa sarafu 100 kila moja. Stroberi huchukua siku 8 kukomaa, kisha huzaa tena kila baada ya siku 4. Tunda la kawaida huuzwa kwa sarafu 120.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Ukipanda jioni ya tarehe 13, utavuna tarehe 21 na tarehe 25. Mavuno ya tatu yangekuja tarehe 29, lakini tarehe 29 haipo. Umepata matunda mawili, sarafu 240. Ondoa 100 ya mbegu, faida ni 140. Mwenzako hakupanda. Aliiweka mbegu yake sandukuni hadi mwaka uliofuata, akapanda tarehe 1, akavuna tarehe 9, 13, 17, 21 na 25. Matunda matano ni sarafu 600, na faida yake ni 500. Mbegu ni ileile, udongo ni uleule, maji ni yaleyale. Tofauti yote imetokana na siku ya kupanda.

Usikimbilie kusema kwamba mwenzako ndiye mwerevu. Kuna kitu wanauchumi hukiita gharama mbadala: faida unayoiacha kwa kuchagua jambo moja badala ya jingine. Sarafu 100 zilizolala sandukuni karibu mwaka mzima zingeweza kununua mbegu mbili za viazi, ambazo hukomaa kwa siku 6 na kuuzwa kwa sarafu 80 kila kiazi. Mapato hayo yangenunua mbegu nyingine, na nyingine tena. Anayeanza na mfuko mtupu hana nafasi ya kuzilaza pesa, aliyeshiba anayo. Ndiyo maana mazao ya msimu huwanufaisha zaidi wale walio na akiba tayari, ndani ya gemu na nje yake.

Kuoza

Mbegu ya stroberi ina bahati: haiozi. Msingi wa pili ni uharibikaji, yaani kasi ambayo bidhaa hupoteza thamani ikikaa. Muuza maembe hahitaji kufundishwa hili. Embe aina ya ngowe lililoiva Ijumaa halingoji Jumatano, kwa hiyo jioni ya Jumamosi hulitoa kwa bei ya kutupa kuliko kulala nalo. Kaunti ya Makueni ilijenga kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba, kilichoanza kazi mwaka 2017, kwa sababu embe lililogeuzwa rojo linaweza kungoja mnunuzi, na embe lililoiva haliwezi.

Katika gemu, somo hili linafundishwa vizuri na Animal Crossing: New Horizons ya kampuni ya Nintendo, iliyotoka Machi 2020. Jumapili asubuhi huja mchuuzi aitwaye Daisy Mae akiuza tanipu, mmea ambao mizizi yake huliwa, kwa bei ya kati ya sarafu 90 na 110. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, duka la kisiwa chako huzinunua kwa bei inayobadilika mara mbili kwa siku, asubuhi na adhuhuri. Huenda bei ikashuka hadi ukajuta. Huenda ikapita 600. Jumapili ifuatayo, tanipu zote ulizobaki nazo huoza.

Hapa ndipo wageni wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tusimame kidogo. Unaponunua bidhaa kwa tumaini kwamba bei itapanda baadaye, wala huna haja nayo mwenyewe, unafanya ubashiri wa bei. Ubashiri wa tanipu una ukomo wa siku saba, na ukomo huo hubadilisha akili ya mchezaji. Alhamisi bei ikiwa 130, anajiuliza: niuze sasa kwa faida ndogo, au ningoje bei ambayo huenda isije? Wachezaji walipata njia ya tatu. Kila kisiwa kina bei yake, basi mwaka 2020 watu waliofungiwa majumbani na korona walisafiri ndani ya gemu hadi visiwa vya wageni wenye bei nzuri, wakapanga foleni, na wakamwachia mwenyeji zawadi. Kununua mahali penye bei ya chini na kuuza penye bei ya juu ndiyo kazi ya kila lori linaloingia soko la Marigiti alfajiri. Wachezaji hao waliigundua upya bila kufundishwa.

Mnunuzi asiyeshiba

Sasa tufike mahali ambapo uzoefu wa sokoni unaweza kukupotosha. Malori kumi ya maembe yakifika Marigiti asubuhi moja, bei huanguka, kwa sababu wanunuzi wana kiasi cha kushiba. Katika Stardew Valley, peleka stroberi kumi au elfu kumi: sanduku la mauzo litazichukua zote kwa bei ileile. Tutamwita huyu mnunuzi asiyeshiba. Kila anapolipa, sarafu mpya huzaliwa pasipo kutoka kwa mtu yeyote.

Wataalamu wa fani hii huuita mlango huu wa sarafu mfereji, mahali sarafu zinapomiminika kuingia. Mlango wa pili ni shimo, mahali zinapopotelea: bei ya mbegu, vifaa, mapambo, ada. Mifereji ikizidi mashimo, sarafu hujaa mikononi mwa watu na kila kitu adimu hupanda bei. Huo ni mfumuko wa bei. Hali ikizidi, wachezaji huitupa sarafu kabisa. Katika Diablo II, gemu ya mwaka 2000, dhahabu ilipoteza maana miongoni mwa wafanyabiashara, na pete moja adimu iitwayo Stone of Jordan ikageuka kuwa pesa yao.

Ukielewa mfereji na shimo, utaelewa kwa nini watengenezaji hupenda sana mazao ya msimu. Mbegu ya sikukuu yenye bei kubwa ni shimo linalofurahisha: watu hujipanga wenyewe kumwaga akiba zao humo.

Kukusanya na kubadilishana

Ngazi ya juu zaidi ni gemu ambamo wachezaji hupeana vitu wao kwa wao. Mfano ulio midomoni mwa watoto wengi ni Grow a Garden, iliyotoka Machi 2025 ndani ya jukwaa la gemu la Roblox. Juni mwaka huo, wachezaji zaidi ya milioni 21 walikuwa ndani yake kwa wakati mmoja. Duka la mbegu hujazwa upya kila dakika tano, mimea huendelea kukua hata simu ikiwa imezimwa, na hali ya hewa, mvua kwa mfano, huweza kulibadilisha tunda likapanda thamani. Juu ya hayo kuna mbegu za matukio maalumu. Wakati wa Pasaka ya 2025 uliuzwa mti uitwao Candy Blossom. Tukio lilipokwisha, mti uliondolewa dukani, lakini aliyekwisha kuupanda aliendelea kuvuna.

Angalia tofauti. Stroberi ya Stardew hurudi kila mwaka kwa tarehe inayojulikana. Tanipu hurudi kila Jumapili. Candy Blossom iliondoka bila tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kalenda. Uhaba, yaani hali ya kitu kuwa kichache kuliko wanaokitaka, katika shamba la kweli huletwa na mvua, udongo na wadudu. Ndani ya gemu uhaba hauna gharama: mtengenezaji anaweza kuongeza mbegu milioni moja kwa kubonyeza kitufe. Anayelipia bei kubwa zao la msimu analipia hasa imani kwamba kitufe hicho hakitabonyezwa.

Usidhani ratiba ya mkono wa mtu ni jambo la gemu pekee. Hapa Kenya, Mamlaka ya Kilimo na Chakula hufunga uvunaji wa parachichi za kuuzwa nje ya nchi kwa tangazo, kwa kawaida kuelekea mwisho wa mwaka, ili matunda machanga yasisafirishwe. Mti bado una matunda, ila msimu umefungwa kwa kalamu. Tofauti ni kwamba mamlaka hutoa sababu ambayo mkulima anaweza kuikagua kwa kulipasua tunda. Mtengenezaji wa gemu hana wajibu huo.

Neno la tahadhari lahitajika hapa. Biashara ya wachezaji husimama juu ya uaminifu. Palipo na dirisha rasmi la kubadilishana, pande zote mbili huona vitu kabla ya kukubali. Pasipo na dirisha hilo, mmoja hutoa zawadi kwanza kisha hungoja mwenzake arudishe, na anayetoa kwanza ndiye aliyebeba hatari yote. Hatari huongezeka pesa halisi zinapoingia. Kanuni za Roblox zinakataza kuuziana vitu vya gemu kwa pesa nje ya jukwaa lake, kwa hiyo aliyetuma M-Pesa kwa mgeni ili apewe mti hana pa kulalamikia. Mzazi, mweleze mwanao hili mapema na kwa upole. Atakusikiliza zaidi akiona unaelewa kwa nini anautaka mti huo.

Pa kuanzia

Umeshapata misingi: kalenda, uharibikaji, mnunuzi asiyeshiba, mfereji na shimo, na uhaba wa kutengenezwa. Kila ukutanapo na zao la msimu, uliza maswali manne. Litarudi lini, na nani amesema? Likikaa, linaoza au linadumu? Nikiuza kwa wingi, bei itashuka au itabaki? Na nikimpa mtu, nini kitamlazimisha anirudishie?

Sasa fanya zoezi moja. Chagua zao moja la gemu unayoicheza, na tunda moja linalouzwa karibu na kwako. Tenga daftari, na kila wiki andika tarehe na bei ya kila kimoja, msimu mzima, bila kununua chochote kwa pesa halisi. Msimu ukifungwa, jibu maswali manne kwa yote mawili, kisha ndipo uamue kama zao hilo linastahili hata shilingi moja ya bando lako.