Machapisho ya Denis Burkitt

Machapisho ya Denis Burkitt ni makala, mihadhara na vitabu vya daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993), aliyefanya kazi nchini Uganda kwa karibu miaka 20. Yanajulikana hasa kwa mambo mawili: maelezo ya saratani ya watoto ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt, na hoja kwamba upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula unachangia magonjwa mengi ya nchi tajiri.

Makala yake ya kwanza kuhusu saratani hiyo ilitoka mwaka 1958, na wakati ule ni wachache walioijali. Baadaye ikawa miongoni mwa makala za upasuaji zilizonukuliwa zaidi. Historia yake ni mfano mzuri wa jinsi utafiti wa tiba unavyopata athari: polepole, kwa msaada wa watu wengi, na mara nyingine kwa njia ambazo hesabu ya nukuu haiwezi kuzionyesha.

Maana ya kunukuliwa

Mtafiti anapoandika makala hutaja kazi za watangulizi alizozitegemea. Kila kazi inapotajwa hivyo huhesabiwa kuwa imepata nukuu moja. Katika miaka ya 1960 Eugene Garfield wa Marekani alianza kuchapisha faharasa ya nukuu za sayansi, na tangu hapo imekuwa rahisi kujua nani amemtaja nani.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa h. Mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Kipimo hiki ni chepesi kutumia, lakini kina mipaka. Aliyeandika makala tano tu hawezi kupita h ya 5, hata kama kila moja imenukuliwa mara elfu. Tena nukuu haisemi kama anayenukuu anakubali au anapinga, wala haionyeshi kama mgonjwa yeyote amefaidika.

Maisha kwa ufupi

Burkitt alizaliwa Enniskillen, katika eneo ambalo sasa ni Ireland ya Kaskazini. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa ajali. Alianza masomo ya uhandisi katika Trinity College, Dublin, akahamia tiba na kuhitimu mwaka 1935. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari katika jeshi la Uingereza, akatumikia pia Kenya na Somalia.

Mwaka 1946 aliajiriwa na serikali ya kikoloni nchini Uganda, akapelekwa Lira katika wilaya ya Lango. Huko aliwapasua wanaume wengi wenye mabusha, akagundua kwamba ugonjwa huo ulikuwa wa kawaida upande wa mashariki wa wilaya lakini adimu upande wa magharibi. Uchunguzi huo mdogo ulimpa desturi aliyoendelea nayo maishani: kuuliza ugonjwa unapatikana wapi na wapi haupatikani. Baada ya miaka miwili hivi alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala.

Makala ya 1958

Mwaka 1957 daktari mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto aliyekuwa na uvimbe pande zote nne za mataya. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Wiki chache baadaye, alipotembelea hospitali ya Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyohiyo, na huyo alikuwa pia na uvimbe tumboni. Alirudi Mulago akapekua kumbukumbu za wagonjwa. Akaona kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe pia kwenye figo, ini au ovari.

Uvimbe huo ulikuwa umeonwa zamani. Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliacha kumbukumbu za wagonjwa wa aina hiyo. Lakini madaktari walikuwa wakiuhesabu kuwa magonjwa tofauti kulingana na kiungo kilichoathirika. Burkitt alitambua kwamba yote yalikuwa ugonjwa mmoja. Alieleza habari za watoto 38 katika jarida la British Journal of Surgery.

Makala hiyo ilisomwa zaidi na wapasuaji, na iliuita ugonjwa huo sarkoma, yaani saratani ya tishu kama mifupa na misuli. Wataalamu wa patholojia wa Kampala, Jack Davies na Gregory O'Conor, ndio walioonyesha baadaye kwamba ni limfoma, yaani saratani inayoanzia katika seli za mfumo wa limfu. Hivyo makala iliyokuja kuwa maarufu ilikosea jina la ugonjwa, ingawa ilieleza sura yake kwa usahihi.

Safari ya 1961

Ili kujua ugonjwa huo unafika wapi, Burkitt alichapisha karatasi za maelezo zenye picha akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni katika sehemu nyingi za Afrika. Majibu yalionyesha ukanda mpana kaskazini na kusini mwa ikweta, wenye mkia ulioshuka pwani ya mashariki hadi Msumbiji.

Mnamo Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford pamoja na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson. Walisafiri kwa wiki 10, wakapita Tanganyika na nchi za kusini hadi Afrika Kusini na kurudi, umbali wa takriban kilomita 16,000, na kutembelea hospitali zaidi ya 50. Swali lao lilikuwa moja: je, mmewahi kuwaona watoto wa namna hii?

Waligundua kwamba karibu na ikweta ugonjwa ulikuwa adimu katika miinuko inayozidi mita 1,500 hivi, kama nyanda za juu za Rwanda na Burundi. Kadiri walivyoelekea kusini, mpaka huo wa mwinuko ulishuka. Maana yake ni kwamba kilichohusika hasa hakikuwa mwinuko bali joto, pamoja na mvua. Ramani ya saratani ilifanana na ramani ya malaria na mbu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1962 katika majarida kadhaa, likiwemo Nature.

Mhadhara uliozaa ugunduzi

Athari kubwa kuliko zote ilitokana na mhadhara. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alizungumza katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Waliafikiana kwamba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa muda mrefu Epstein hakupata kitu. Mnamo Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na sampuli ikachelewa. Ilipofika, maji yake yalikuwa na ukungu kama yaliyoharibika, lakini chini ya hadubini zilionekana seli hai zilizokuwa zikielea. Seli hizo zilikuzwa maabara, na hadubini ya elektroni ikaonyesha virusi ndani yake. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walichapisha habari hiyo katika Lancet. Kirusi hicho kinaitwa Epstein-Barr, na ndicho cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kazi nyingine zikafuata. Mwaka 1978 matokeo ya utafiti uliohusisha watoto wapatao 42,000 wa West Nile, Uganda, yaliimarisha uhusiano wa kirusi hicho na limfoma. Nchini Tanzania, watafiti waliwapa watoto wa Mara Kaskazini dawa ya klorokwini kuanzia 1977 ili kuona kama kupunguza malaria kungepunguza saratani hiyo. Wagonjwa walipungua, lakini upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa kutolewa, kwa hiyo jibu halikuwa kamili.

Tiba

Kampala ya wakati ule haikuwa na mashine za mionzi, na upasuaji haukuwasaidia watoto hao. Burkitt alijaribu dawa mpya za saratani, zikiwemo methotrekseti na siklofosfamidi. Baadhi ya watoto walipona kabisa, hata kwa dozi chache. Ugonjwa huu ukawa mojawapo ya saratani za kwanza kuponywa kwa dawa peke yake, na kituo cha kuutibu kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kilikua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Nyuzinyuzi za chakula

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966 na kutumia desturi yake ya ramani kwa magonjwa mengine. Mwaka 1971 aliandika katika jarida la Cancer kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu ya chakula chenye makapi mengi. Kwa lugha ya jikoni, alitetea dona dhidi ya sembe. Mwaka 1975 yeye na Trowell walihariri kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na magonjwa.

Kazi hizi nazo zilinukuliwa sana, lakini wengi walizinukuu ili kuzipinga. Wakosoaji walisema kwamba watu wa vijijini wanatofautiana na wa mijini kwa mengi zaidi ya chakula. Tafiti za baadaye zimeunga mkono faida za nyuzinyuzi kwa ujumla, ingawa baadhi ya madai yake ya awali hayakuthibitishwa.

Tathmini

Burkitt alipewa Tuzo ya Lasker mwaka 1972, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Hata hivyo hesabu ya nukuu zake ina mapengo. Waandishi wengi wa leo hutaja limfoma ya Burkitt bila kuorodhesha makala ya 1958, kwa kuwa jina limekuwa la kawaida. Mwanasosholojia Robert Merton alieleza hali hii ya ugunduzi kumezwa na ujuzi wa wote hadi chanzo chake kusahaulika.

Pengo lingine ni la waliochangia. Wahudumu wa hospitali ndogo waliojaza karatasi zake na kufungua madaftari yao mwaka 1961 hawamo katika faharasa yoyote, na wazazi walioruhusu vipande vya uvimbe wa watoto wao vichunguzwe hawajulikani kwa majina. Hadi leo ugonjwa huu hupona kwa wengi wanaotibiwa mapema, lakini watoto wengi wa Afrika bado hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa.