Kichocheo si Chujio

Katika kushughulikia istilahi za ufundi wa magari tumekuta neno "chujio" likitumika kwa kifaa kinachofungwa kwenye ekzosi ili kuondoa oksidi za nitrojeni. Hatuna budi kulikataa. Chujio hunasa takataka, na likijaa huoshwa au hutupwa. Kifaa hiki hakikusudiwi kunasa kitu. Gesi hupita katika matundu yake na kutoka zikiwa gesi nyingine. Fundi aliyezoeshwa "chujio", gari likipungua nguvu, hukitoboa akidhani amezibua njia tu, kumbe ameziachia gesi zinazodhuru mapafu ya wapita njia.

Neno lifaalo ni "kichocheo". Wako wanaolalamika kuwa linanuka uchochezi. Sisi tunaona limetoka jikoni: mti wa kuchochelea huufanya moto uwake upesi, lakini wenyewe si kuni. Ndivyo ilivyo rodiamu katika gari la petroli. Juu yake kaboni monoksidi huchukua oksijeni ya oksidi ya nitriki, ikabaki nitrojeni, ile ile iliyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Rodiamu haitumiki katika badiliko hilo, ila huweza kulishwa sumu: risasi ya petroli ya zamani huifunika isifanye kazi. Azimio la Dakar la mwaka 2001 la kuacha petroli hiyo Afrika kusini mwa Sahara lilifungua njia ya vichocheo hivi kwetu.

Dizeli ina shida yake. Gesi zake zina oksijeni nyingi huru, na kaboni monoksidi huikimbilia hiyo kwanza. Kwa hiyo hunyunyizwa mmumunyo wa urea wa asilimia 32.5, ambao kwa joto hutoa amonia. Nayo, juu ya oksidi ya vanadi au zeolaiti yenye shaba, huzichagua oksidi za nitrojeni. Njia hii tunapendekeza iitwe "uondoaji teuzi".

Tahadhari pia na "moshi". Oksidi ya nitriki haina rangi; gari lisiloonekana kutoa moshi laweza kuitoa kwa wingi. Tuseme "gesi za ekzosi".

Mafundi wa gereji husema "masega", kwa umbo la kauri lenye matundu. Ni neno zuri, nasi hatuoni sababu ya kuliondoa: masega yawe ya kauri, kichocheo kiwe metali iliyopakwa juu yake. Kwa kifaa kizima tunapendekeza "kigeuzagesi", na maoni ya mafundi yatapokewa.